Sikutaja Jina

Nimenyamaza hapa kwa muda mrefu, na ninaomba radhi. Sikuwa mgonjwa, wala sikusafiri. Nilikuwa na aibu, na mtu mwenye aibu hana hamu ya kuwasahihisha wengine, kazi ambayo ndiyo imeujaza ukurasa huu kwa miaka.

Leo ni Alhamisi. Mvua ya mawe imepita hapa kwetu Sosiot baada ya chakula cha mchana na kuyatoboa majani ya chai ya jirani yangu. Nimemwona akitembea kati ya mistari, mikono kiunoni. Sikutoka kwenda kumpa pole. Siku hizi ninachunga ninalomwambia mtu, hata pole.

Kabla sijaendelea: mtu ambaye habari hizi zinamhusu amesomewa maneno haya kabla hayajafika hapa. Aliniomba niondoe sentensi moja, nikaiondoa. Jina lake na kijiji chake havimo, na mambo mengine madogo nimeyabadilisha. Atakayejaribu kumkisia atakuwa anarudia kosa langu.

Tangu nilipostaafu ualimu, ninajitolea katika kituo kidogo cha ushauri pale Kapsoit. Watu hutuletea mambo ya ardhi, ya mishahara, ya ndoa, ya watoto waliokataliwa na baba zao. Sisi huwaeleza sheria inasema nini na waelekee wapi, na hatutozi chochote. Kituo chenyewe ni chumba kimoja nyuma ya duka la dawa za mifugo, kilichogawanywa kwa ukuta wa mbao.

Taratibu zetu kuhusu habari za watu ni kali. Mafaili hukaa katika kabati la chuma, na ufunguo huwa kwa mratibu. Redio huwashwa upande wa wanaongoja ili wasisikie yanayosemwa ndani. Tukimpigia mtu simu ikapokewa na mwingine, hatusemi sisi ni nani wala tunatoka wapi. Hata sokoni hatumsalimu aliyewahi kuja kwetu mpaka atusalimu yeye, kwa sababu aliye naye anaweza kumwuliza mmejuana wapi. Hilo la mwisho lilinitaabisha. Nimelelewa kwamba mtu mzima hampiti mwenzake bila kumpa mkono. Hata hivyo nililifuata.

Taratibu hizo zimebandikwa ukutani kwa Kiswahili nilichokiandika mimi. Mratibu wetu, Chebet, ni mwanafunzi wangu wa zamani, na tulibishana karibu kuhusu kila neno. Nilipokuwa nikipita mbele ya karatasi ile nilikuwa nikiisoma tena kwa furaha, kama mtu anayejitazama kwenye kioo. Nilidhani aliyeiandika kanuni ndiye mtu wa mwisho kuivunja.

Niliivunja nikiwa nimefumba macho.

Kabla ya mvua ndefu, alikuja mwanamke mmoja. Ndoa yake ilivunjika, akarudi kwao, na sasa anaishi na mama yake. Baba yao alifariki bila kusema nani arithi nini katika chai na ng'ombe alioacha. Kaka zake walitaka atie sahihi kwamba hadai kitu. Alitaka kujua kama lazima atie. Nilimweleza kwamba sivyo, kwamba binti ni mrithi kama walivyo wana wa kiume, awe ameolewa au hakuolewa. Alinisikiliza mpaka mwisho, akasema hatachukua hatua yoyote kabla ya kuongea na mama yake. Akajifunga leso kichwani, akatokea mlango wa nyuma.

Jumatano ya wiki hiyo tulikuwa na ushirika wa nyumbani. Tulikutana kwa mzee mwenzangu. Tuliimba, tukasoma, tukanywa chai, kisha kila mmoja akatoa mzigo wa kuombewa. Mmoja alitaja goti lake, mwingine mtoto wake aliyeko Nairobi asiyepiga simu. Zamu ikafika kwangu, nikaomba kwa ajili ya binti mmoja anayedai haki yake kwa ndugu zake. Nilimwomba Mungu ailainishe mioyo ya hao ndugu, kwa kuwa Farao naye moyo wake ulikuwa mgumu. Nilitaja upande anakotoka. Nilitaja jinsi alivyorudi nyumbani. Nilitaja jambo moja kuhusu marehemu baba yake, ambalo hapa sitalirudia.

Sikutaja jina. Nilijisifu moyoni kwamba sikutaja jina.

Mama mmoja katika ushirika ule aliguswa sana. Simlaumu hata kidogo. Alirekodi ombi hilo kwa sauti yake, akalituma katika kundi la maombi la kina mama kwenye simu. Huko kuna aliyeguswa pia, naye akalipeleka kwingine. Halikuchukua muda, likafika kwenye simu ya mke wa kaka mkubwa wa yule mwanamke. Kila mkono ulioupokea mzigo ule uliupokea kwa nia njema na kuupeleka mbele kwa nia njema. Ukiyaunganisha mambo niliyoyasema, ni jina kamili.

Kaka yake alimkuta akikamua. Nimeelezwa kwamba hakupiga kelele. Alisimama mlangoni mwa zizi, simu mkononi, akamchezea ile sauti yote mpaka amina.

"Kumbe sisi ndio Farao wa hii boma," akamwambia. "Basi ngoja bahari ifunguke upite."

Chebet aliniita ofisini siku mbili baadaye. Mwanamke huyo alikuwa amempigia. Chebet aliniuliza niliomba nini Jumatano, nami nikamjibu kwa Kiswahili safi na kwa hasira. Nilisema kwamba sikutoa faili, sikumtaja mtu kwa jina, na kwamba mwanafunzi wangu hawezi kunifundisha namna ya kumwomba Mungu. Aliniacha nikamaliza.

"Mwalimu," akasema, "kama yeye angekuwa ameketi hapo chumbani, ungeomba hivyo?"

Nilichukua kofia yangu, nikaenda nyumbani.

Nimejiuliza kwa nini nilifanya vile, na kila jibu zuri linaniponyoka. Nilimhurumia, ndiyo. Lakini ningeweza kumwombea nikiwa peke yangu, na Mungu hakuhitaji kuelezwa ni upande gani. Ukweli ni kwamba nilipokuwa nikiomba, chumba kilinyamaza. Hakuna aliyekuwa amenyamaza hivyo kwa ajili ya goti. Baada ya amina, mwenye nyumba alinishika mkono kwa mikono yake miwili na kusema kwamba nimebeba mambo mazito. Nililipenda neno hilo. Tangu niache kushika chaki, hakuna anayenyamaza ninaposema. Nilitumia maisha ya mtu mwingine ili nisikilizwe.

Huo ndio uchafu wenyewe. Ningefurahi kuuita uzembe.

Chebet alisema lazima mwanamke mwenyewe aelezwe mbele yangu ni nini kilichotokea, nani alikifanya, na haki zake ni zipi. Akaja. Safari hii alipitia mlango wa mbele, kwa kuwa hakikuwepo tena cha kuficha. Chebet alimweleza kwamba anaweza kuendelea nasi akihudumiwa na mshauri mwingine, au tumtafutie ofisi nyingine mjini Kericho, au aache kabisa. Akamweleza pia kwamba ipo sheria inayolinda habari za mtu, na kwamba anaweza kutushtaki, kituo na mimi. Nitakiri jambo: nilitamani Chebet asilitaje hilo la mwisho. Mimi, niliyeandika kwa mkono wangu kwamba kila ajaye kwetu aelezwe haki zake zote, niliketi pale nikitumaini kwamba mtu asijue haki yake.

Nilimwomba msamaha. Nilikuwa nimeyapanga maneno. Aliyapokea kwa kuitikia kwa kichwa, kama mtu anayepokea chenji asiyoihitaji.

Kisha akasema alilokuja kusema.

Yeye na mama yake huchuma chai pamoja, mmoja upande huu wa mstari na mwingine upande wa pili. Wakichuma, mikono ina kazi na macho yako kwenye majani, na mtu anaweza kulisema jambo gumu bila kutazamana na mwenzake. Alikuwa ameichagua siku. Alikuwa amelichagua hata neno la kuanzia. Alitaka kumwambia mama yake kwamba hataki kuwanyang'anya kaka zake, kwamba anaomba sehemu ndogo tu, kwa sababu siku mama akiondoka hatakuwa na mahali.

"Mimi nilikuwa nimepanga nimwambie mama tukichuma," akasema. "Wewe ukamwambia kwanza."

Sasa mama yake huchumia mistari ya mbali, peke yake. Haamini kwamba habari zile zilitoka kwa mzee wa Sosiot ambaye hamjui. Anaamini kwamba binti yake alizunguka makanisani akiwashtaki watoto wa tumbo moja naye ili waombewe kama wapagani. Ardhi anaweza kuijadili, lakini hilo hawezi kulimeza. Binti amejieleza mara nyingi, na kila akijieleza anaonekana mwongo zaidi, kwa sababu ile sauti iliyotoka kwenye simu iliyajua mambo ambayo yeye tu ndiye angeyasema.

Kanisani kwetu, aliyekosa husimama mbele ya watu, akaungama, akaombewa, akakaa akiwa mwepesi. Nilikuwa tayari kusimama Jumapili ile ile. Nilikuwa nimeshafua koti. Chebet aliniuliza nitaungama nini, na waumini wataanza kuuliza nini kabla hata sijakaa. Nikaelewa kwamba kuungama kwangu kungemtangaza kwa mara ya pili, na kwamba njia pekee niijuayo ya kuishusha aibu ingepita juu ya mgongo wake. Sikusimama. Koti nimelirudisha kabatini.

Kwa hiyo watu hawajui. Bado ninaitwa mtu wa maombi, na hilo linaniuma kuliko kama ningetukanwa. Jana katika ushirika wenzangu waliuliza, kwa upendo mtupu, yule binti wa chai anaendeleaje, ili tumshukuru Mungu kama ameshinda. Niliwatazama, nikaona kwamba kila mmoja wao anaye moyoni, amemhifadhi vizuri, na siwezi kumtoa humo tena. Niliwaambia tuombe kwa ujumla. Nikaomba kwa ufupi mno, mpaka mama mmoja akacheka taratibu na kusema, "Leo Mwalimu ameishiwa."

Ni kweli, nimeishiwa.

Lipo jambo moja ninaloweza kulifanya, nalo halimo mikononi mwangu. Ninaweza kwenda kwa mama yake, nikavua kofia, nikamwambia kwamba sauti ile ilianzia kinywani mwangu na kwamba binti yake hakumshtaki mtu yeyote popote. Siku ile ofisini nilimwambia yule mwanamke kwamba ningeweza kwenda hata siku hiyo. Akasema kwamba mzee mgeni akiingia bomani, kaka zake watauliza amekuja kufanya nini, na majirani watauliza pia, na labda mama atakasirika zaidi kwa kuwa jambo la nyumbani limeletewa mgeni mwingine. Au labda atasikia. Hajui bado.

"Usije kabla sijakuita," akaniambia. "Safari hii ningoje."

Hajasema kama ataendelea na dai lake, wala kama atatushtaki, wala kama nitaenda. Chebet amenisimamisha kazi ya ushauri kwa sasa. Ninafagia pale ofisini na kumwagilia maua ya mlangoni. Wanaokuja wananisalimu, ninaitikia na kuendelea kufagia. Simu yangu siizimi.

Atakapoamua, nitaandika hapa kwamba ameamua. Ameamua nini, hilo atalisema mwenyewe akitaka.