Chukudu Haipumui

Keshero, Jumatano jioni

"Gari imewaka!" Mama ndiye aliyeutangazia mtaa mzima, wala si mimi mwandishi wa habari.

Tangu mlima wa volkano uanze kumwaga majivu, nimelijaza gari mafuta na kuliegesha pua ikitazama barabara, kama kila mutu wa Goma. Leo nikalijaribu. Likakohoa, likazima. Niliogopa kweli: Mama hawezi kutembea hata hadi Birere, hapa hapa mjini, na amri ya kuhama inaweza kutoka wakati wowote.

"Mlipuko ule mwingine mulinikimbiza na chukudu ya mbao," akasema, akiikumbuka skuta yetu ya kusukuma kwa mguu. "Haikukohoa hata kidogo. Chukudu haipumui, Papa!" Ndivyo anavyoniita mimi mwanawe.

Kupumua! Nikaifungua filtre, kichujio cha hewa ya injini; majivu yalikuwa yameiziba kabisa. Mke wangu akaja na ndoo ya maji. Nikamzuia, maana majivu yakilowa yanaganda kama simenti. Nikaigongagonga polepole, nikaipuliza kutoka ndani, nikageuka mweusi uso mzima. Mama alicheka hadi akakaa chini. Nikairudisha, gari likawaka, ndipo akapiga kelele zake.

Nimeliwasha tena na tena bila sababu, kulisikiliza tu.

Kesho alfajiri tunampeleka Mama mji wa Sake, mbali na mlima. Ameagiza chukudu ifungwe juu ya gari.