Mwalimu, Zilikuwa Nywele

Ni mwaka mmoja sasa tangu ulipotutoka, Baba, na nyumba bado haijazoea kunywa chai bila kuulizwa, "Saba mara nane?" Hukubagua mtu. Fundi bomba, mgeni wa jirani, hata mchumba wa binti yako siku ya kwanza kufika, wote uliwauliza. Aliyekosa ulimwongezea chai afikiri vizuri.

Ulikuwa mwalimu wa hesabu mpole kuliko wote. Chaki haikukosa kwenye suruali zako, na Mama akifua alinung'unika, "Sijui nimeolewa na mtu au na ubao!" Watoto wa mtaa uliwafundisha barazani bila malipo. Aliyeshindwa hukumwita mjinga. Ulisema njia yake hujaipata bado.

Kitinda mimba wako ulimwita Injinia tangu anatambaa. Na kichwa cha hesabu alikuwa nacho, hakuna ubishi. Lakini mikono yake ilitaka nywele. Aliwasuka dada zake hapo hapo sebuleni, mistari imenyooka kama imepigwa rula. Alipoacha chuo akaenda kusuka saluni, ulinyamaza. Heri ungepiga kelele. Mtaa ukamwita Kitana, wewe ukaendelea na Injinia.

Kisha akapata chumba cha kufungulia saluni yake mwenyewe. Akasema hafungui bila radhi yako. Kila akikuuliza ulimjibu, "Tutaongea," na sote tuliijua hiyo tutaongea yako.

Kumbe huko nje, walimu wenzako wakiuliza kijana anafanya nini, ulikuwa unasema, "Yuko kwenye nyaya." Loo! Jumamosi moja mwalimu mkuu mstaafu akatokea mlangoni na pasi mkononi.

"Injinia, haishiki moto hii. Hebu nitazamie nyaya."

Kitana aliigeuza ile pasi, akakutazama wewe. "Samahani, mwalimu. Nyaya sizijui. Mimi nasuka nywele."

"Nywele? Basi Kitana ndiye wewe! Mke wangu kila mara, foleni kwa Kitana, foleni kwa Kitana, nami nikadhani ni duka!"

Mama alikimbilia jikoni kucheka. Wewe ulitazama dari.

Mgeni alipoondoka, kijana wako alikuuliza taratibu, "Baba, unanionea aibu?"

Uliweka kikombe chini. "Sikuonei aibu, mwanangu. Naogopa. Mimi nayajua maisha ya cheti tu. Haya ya kwako siyajui, sasa nitakulindaje?"

Hatukuwahi kukusikia ukisema unaogopa kitu. Usiku huo kila mtu alilala na lake moyoni.

Kesho yake ulivaa shati la kazini, ukaenda pale saluni, ukakaa kwenye benchi pamoja na akina mama, upara unang'aa. Dada mmoja akakutania, "Na wewe mzee wangu, unasuka mtindo gani?"

Watu wakaangua kicheko, na wewe ukacheka nao. Kisha ukasimama kama unavyosimama mbele ya darasa. "Mimi sisuki. Nimekuja kusema jambo moja. Huyu ni mwanangu. Anasuka nywele, na radhi yangu anayo."

Kitana alimwacha mteja na nusu kichwa, akaja kukukumbatia, akalia kama mtoto. Ulimpigapiga mgongoni, ukamwambia arudi kazini, watu wanangoja.

Alifungua saluni yake, na ulikuwepo. Hukukaa nasi sana baada ya hapo, moyo wako ulikuwa umechoka. Tunakulilia, Baba, lakini tunashukuru hukuondoka na neno lile kifuani. Wapo watoto wengi wanaolisubiri mbele ya kaburi.

Tunaokukumbuka ni sisi: mkeo, binti zako wawili na waume zao, wajukuu zako, wadogo zako, na kitinda mimba wako, msusi.

Daima tutakukumbuka, Baba, na daima tutakushukuru.