Jaketi la Mama kutoka Rusinga

Mama, amosi sana, nakusalimu kutoka kisiwani!

Leo asubuhi mimi na mume wangu tulienda soko la ufuoni kutafuta nguo za matembezi. Nikapata akala za kukanyagia mawe na kofia ya jua, pana kama sinia. Baba Otis bado anaicheka. Kisha nikaona jaketi zito la bluu, la kuzuia upepo wa ziwa, nikakukumbuka unavyotetemeka jioni tangu ulipotoka hospitali.

Muuza mitumba akaniuliza, "Mama yako mwili ni kama ya nani hapa?"

Nikamwonyesha mama mmoja mnene aliyekuwa akianika samaki. Akajifuta mikono, akalivaa. Nikamkumbatia nipime. Mikono yangu haikufika mgongoni kwake. Ndipo nikakumbuka tulivyoagana pale stendi ya Muhoroni, mikono yangu ikakuzunguka na kupitana. Nikaanza kulia, mimi na kofia yangu.

"Ni mgonjwa?" yule mama akauliza.

"Anapona, lakini amekonda."

Muuzaji akaleta jaketi lingine, dogo, akasema hilo ndilo litakutosha. Yule mama akamrudishia, akanikunjia lile alilokuwa amevaa.

"Pelekea yeye hii kubwa," akasema. "Samaki nitakupa mimi."

Basi Jumamosi nakuja na jaketi kubwa na ngege wakavu wa yule mama. Kula, Mama. Lijaze.

Mwanao,
Atieno