Tata, Uliwapima kwa Midomo Yao

Tata,

Naandika upesi, utanisamehe mwandiko, baba yangu. Leo asubuhi nilipanda pikipiki, taksi-moto, kutoka Dilala kuja kufagia nyumba yako ya Kapata, maana tangu kilio cha kifo chako sikuwa nimeingia. Nikafungua mlango. Tata, sebule haina sakafu! Kuna shimo linalomzidi mtu kimo, na limeanzia palepale tulipolaza mwili wako tukakulilia. Vumbi la madini limejaa hadi kwenye kiti chako.

Nilidhani ni wezi. Kumbe ni Kabanga, amewaingiza wachimba madini.

Ndiyo, Kabanga wako, mdogo wangu, yule pacha mpole, uliyemwachia ufunguo. Unakumbuka kila sikukuu ya uhuru ulivyotuketisha ukatulinganishia wale waanzilishi wawili wa nchi? Waziri mkuu wa kwanza, ulisema, alikuwa moto: alisema yote mbele ya wakoloni, akajichongea kifo. Rais wa kwanza alikuwa mtulivu, mtu wa kusubiri. Ukimaliza, unawageukia mapacha. "Mbuyi, weye ni mudomo tu. Kabanga ndiye chef, mukubwa wa nyumba. Mukubwa wa kweli hasemake mingi." Mama alicheka. Mbuyi hakucheka.

Nimemuuliza Kabanga kwa nini. Akatazama chini. "Bote ku avenue banachimba, yaya." Eti wote mtaani wanachimba, dada yake! Basi! Utulivu wote ule, na ndani yake hamna kitu. Nina hasira naye, Tata, na wewe pia nina hasira nawe kidogo.

Maana anayeilinda nyumba ni Mbuyi. Niliporudi sebuleni nimemkuta ameketi ukingoni mwa shimo, miguu inaning'inia, sauti imemkauka kwa kuwafokea wachimbaji: "Munizike humu kwanza!" Kapata nzima imemsikia. Wameondoka, ila wamesema watarudi.

Sijui tena nani kati ya wale waanzilishi wawili alimzidi mwenzake. Labda waziri mkuu alipaza sauti kwa sababu nchi, nyumba yake, ilikuwa inachimbwa, sisi tukamwita mkorofi. Labda yule mwingine alinyamaza kwa busara kweli, si kama huyu wetu. Ningependa tubishane, Tata. Ulikuwa unapenda nikubishie.

Lala. Nakuahidi hivi: kesho nahamia Kapata na wanangu, tuanze kurudisha udongo. Kabanga atashika koleo, hata akinuna. Na wachimbaji wakirudi, Mbuyi hana sauti tena. Mimi ninayo.

Binti yako,
Ngalula