Kumwamkia Kolekole

Chumba cha mbele,
Nyumba yetu ileile,
Jumapili, 9 Machi.

Mpendwa mdogo wangu Sindano,

Pokea salamu zangu, nyingi kuliko karatasi hii inavyoweza kubeba. Hujambo? Wifi yangu hajambo? Na goti lako je? Uliponiambia linakusumbua ukipanda ngazi nilicheka mpaka nikakohoa, maana fundi wa lifti kulalamikia ngazi ni kama daktari wa meno kuogopa koleo. Pole lakini. Lipake dawa, na uache kujifanya kijana.

Nasi hapa hatujambo. Hivyo ndivyo ninavyosema kwenye simu, sivyo? Simu ikilia mkwe wangu huniwekea sikioni, na kabla sijafikiri mdomo umeshasema hatujambo. Ndiyo maana leo nimeomba karatasi. Uliniuliza kama uje sasa, au usubiri mpaka mmalize lile jengo refu mwishoni mwa mwaka, nikakujibu kwamba hakuna haraka. Nitakujibu upya humu ndani. Nivumilie tu, niache nifike huko kwa mwendo wangu.

Kitanda changu wamekihamishia chumba cha mbele, pale ilipokuwa meza ya baba ya kutengenezea saa. Asubuhi jua hupiga kwenye beseni ninalonawia, na mwanga wake huenda ukicheza darini. Nikilala chali nautazama ukitembea juu yangu, na kwa muda mrefu sijui kama niko juu ya maji au chini yake. Si hali mbaya. Usingizi huja ukanifunika magoti, ukarudi, ukaja tena. Pazia likivutwa na upepo huwa nahisi kama kuna kitu kimeuma ndoano upande wa pili.

Ukuta ule bado una misumari yake. Nikifumba macho namwona baba amekaa, lenzi imebanwa jichoni, lakini mkononi hana saa. Ana ndoano, na anaifunga manyoya ya jogoo kwa uzi mwekundu, mzunguko baada ya mzunguko, mpaka ndoano inageuka kuwa kisamaki kidogo kisichopo duniani. Halafu anachukua koleo na kukibonyeza kile kijino cha ndani ya ndoano mpaka kinalala, ili ndoano itoke mdomoni bila kuchana. Wateja walisubiri saa zao wiki nzima, na fundi yuko hapo anapima mkia wa jogoo. Nadhani udaktari wangu wa meno ulianzia kwenye kile kijino. Nilipopata koleo langu la kazini, jambo la kwanza nililofanya nalo ni kubonyeza ndoano za baba.

Unamkumbuka yule mama muuza samaki wa pale kona? Kila tukirudi na baba kutoka kuvua alikuwa akituona mikono mitupu.

"Fundi, leo umetuletea nini?"

"Nimemwona mkubwa kama mlango."

"Uko wapi huo mlango?"

"Nimemrudisha."

"Haya. Waambie watoto wako wachemshe hadithi." Na bado alikuwa akituchagulia wale vibua wazuri, akimwambia baba ni sadaka kwa mtu aliyechanganyikiwa.

Hatukuwa na njaa ya kuonewa huruma. Samaki wadogo tuliwala. Lakini kolekole mkubwa, yule mwenye paji la uso kama la hakimu, baba alimkatalia kisu kabisa. Alisema samaki wa ukubwa ule amezikwepa nyavu za watu wote, na yeye hawezi kumuua kwa sababu ya manyoya ya kuku. Tena akatufanya tumwamkie. Tulisimama ndani ya maji, wewe yakikufika kifuani, tukasema shikamoo kwa samaki, na baba akaitikia marahaba kwa niaba yake kwa sauti nzito. Mpaka leo sijui kama alikuwa akitania.

Halafu lile la pili. Kabla ya kumwachia, kila mmoja alimnong'oneza neno moja ambalo hawezi kumwambia mtu. Baba alisema samaki akiondoka anaondoka nalo. Wewe ulinong'ona kwa sauti ya mnadi: "Ni mimi niliyekojoa kitandani, siyo paka." Baba aligeukia upande wa bahari, mabega yakimtikisika. Mimi niliinama karibu zaidi na sikio lisilokuwepo, na ulinisumbua njia nzima nyumbani. "Dada umemwambia nini? Dada nusu tu." Mambo yale ya usichana nimeyasahau yote, Sindano, kwa hiyo baba alisema kweli, yaliondoka. Ila la hivi karibuni silisahau, na hilo ndilo ninalokuja kukwambia.

Kwanza nikueleze habari za Kinyozi, maana hamjaonana. Ana duka mkabala na kliniki yangu ya zamani. Nilimng'oa jino, akaniuliza kwa nini kwenye sinia la vifaa vyangu kuna manyoya ya jogoo, na tangu siku hiyo hatujaachana. Nimemfundisha kurusha mshipi: unaupeleka nyuma, unangoja unyooke hewani, ndipo unaurudisha mbele. Kungoja ndiko kulikomshinda kwa muda mrefu. Sasa anarusha vizuri kuliko baba, Mungu anisamehe. Yeye pia ndiye anayeniletea nywele za kufungia chambo, kutoka sakafuni kwake. Zile nyeupe kabisa ni za mwalimu mkuu. Mzee wa watu hajui kwamba amemezwa na kolekole zaidi ya mara moja.

Mwezi uliopita, nilipotoka hospitali, nilimwambia nataka kwenda majini. Mkwe wangu alikataa. Kinyozi akamwambia, "Mama, namtoa nje apate hewa," na kweli hewa ilikuwepo, ila ilikuwa na maji chini yake. Alinibeba mgongoni kama nilivyokuwa nikikubeba wewe. Alikwisha kutanguliza kiti cha plastiki kwenye kile kina kifupi nyuma ya kiwanda cha barafu. Nikakaa, maji yakanifika magotini, vuguvugu. Mchanga ulionekana mpaka mbali, na juu yake kivuli cha kila kitu: cha kiti, cha ufito wangu wa kuvulia, cha wingu. Ningeweza kufa pale pale bila kumsumbua mtu.

Nilirusha mara moja tu, na mshipi haukufika mbali. Ukaanguka kama utepe. Nikaona kivuli kimoja kimeachana na vivuli vingine, kinakuja. Kolekole huja bila kujificha, unajua. Maji yalivimba, mgongo ukatoka nje, na ufito ukanikunjika mikononi. Kinyozi alinikumbatia kwa nyuma akaushika pamoja nami, mikono minne kwenye ufito mmoja, na kigurudumu cha mshipi kikalia kama cherehani iliyokasirika. Sikuwa na nguvu za kumvuta. Nilimwacha aende, nikamfuata kwa mshipi kila alipochoka, akaenda tena. Nilisikia moyo wake kwenye vidole, au ulikuwa wangu. Wakati fulani nadhani nilisinzia, na nilipoamka bado tulikuwa tumeshikana.

Alipoletwa kando ya kiti, Kinyozi alipiga mluzi.

"Daktari, huyu anatosha mtaa mzima na mchuzi ubaki."

"Mwamkie."

"Nimwamkie nani?"

"Huyo hapo. Kwa paji lile, ni mkubwa wako."

Alitazama ufukweni kama kuna mteja wake anayeona. "Shikamoo, mzee," akasema harakaharaka, na mimi nikaitikia kama baba.

Ndoano ilitoka kwa kidole kimoja. Nikamshika pale mkia unapobana kama kifundo cha mkono, mkono wa pili chini ya tumbo, kichwa nikakielekeza kwenye mkondo. Unakumbuka tulivyofundishwa. Maji yaingie mdomoni, yatokee kwenye matamvua, na wewe ungoje, hata kama mgongo unakuuma, mpaka mkia wenyewe usukume vidole vyako. Hapo ndipo unafungua. Nikainama, nikamnong'oneza neno langu.

Na vidole vikafunguka. Sikuamua, Sindano. Havikuwa na nguvu tena. Kolekole alisogea kidogo, akalala ubavu, akageuza tumbo lake jeupe juu, na mkondo ukaanza kumchukua hivyo hivyo. Maisha yangu yote sijawahi kumwachia samaki kabla ya wakati wake. Niliona jicho lake linanitazama likipita, na mimi nimekaa kwenye kiti cha plastiki, siwezi kuinuka.

Kinyozi aliingia na shati lake, na saa yake mkononi. Akamfikia, akamgeuza, akamshika mkia, akaanza kutembea naye kuelekea mkondo unakotoka, maji yakimfika kifuani. Alikuwa akimsemesha, nikasikia kila neno, maana maji yalikuwa yametulia. "Twende mzee. Taratibu. Mimi sina haraka, leo sijafungua duka." Walikwenda, wakarudi, wakaenda tena, kama watu wawili wanaotembea baada ya chakula. Sijui ilichukua muda gani. Halafu yakaruka maji, na Kinyozi akabaki peke yake, ameinua mkono.

"Amenipiga kofi, Daktari."

"Basi yuko mzima."

Sasa nikwambie neno lile. Nilimwambia: naogopa.

Ni neno dogo, na mimi ndiye niliyewaambia watu maishani mwangu mwote kwamba hakuna cha kuogopa, fungua mdomo. Hospitali hawakunitoa kwa sababu nimepona. Daktari, kijana mwenye adabu, aliniambia nitapumzika vizuri zaidi nyumbani, akatabasamu. Tabasamu lile nalijua. Ndilo nililokuwa nikilitoa kabla ya kung'oa. Hapa nyumbani kila mtu ni mpole. Mkwe wangu anafunga mlango taratibu ili nipumzike. Mwanangu akirudi safari anavua viatu ukumbini, ananichungulia, anaondoka kwa vidole vya miguu. Hawanikosei lolote. Wananiachia, ndivyo walivyoona ni wema, na mimi mwenyewe niliwahimiza: nendeni, nipo sawa, hatujambo.

Lakini nimeona anavyolala ubavu yule aliyeachiwa mapema, na jicho lile nimelileta nyumbani. Maumivu nayajua, hayanitishi, na huko ninakokwenda nimeshapaachia Mungu. Ninachokiogopa ni ule mwendo mfupi katikati, kuupita bila mkono wa mtu. Nataka mtu anishike, atembee nami kidogo, asiwe na haraka, mpaka nipate nguvu za kuondoka mwenyewe. Mkwe wangu angeweza, moyo anao. Ila yeye alinikuta tayari nimeshakuwa Daktari. Wewe peke yako ndiye uliyebaki unayejua kwamba niliwahi kuwa msichana mwenye siri.

Kwa hiyo jibu la swali lako ni hili: njoo sasa. Usisubiri mwisho wa mwaka. Watu wa jengo lile wana miguu, wapande ngazi. Nikikujibu kwenye simu kwamba hakuna haraka, usinisikilize, ni mdomo ule mwingine.

Nisalimie sana wifi yangu, mwambie namwazima mume wake na nitamrudisha akiwa na uzito uleule. Nisalimie binti yako mkubwa na yule kitinda mimba anayefanana na baba. Mkwe wangu na mwanangu wanakusalimu; wataniuliza nimeandika nini, nami nitasema tumeongea habari za samaki. Kinyozi anakusalimu pia. Yeye ndiye atakayeitia posta barua hii, na anasema kichwa chako atakinyoa bure, kama bado kina kitu.

Mungu akufungulie njia, akutulizie hilo goti, akulete ukiwa mzima.

Ukifika usibishe hodi kwa upole kama wengine. Ingia, kaa kitandani, shika mkono, kisha useme shikamoo kama tulivyofundishwa. Wale wote tuliowaamkia majini, baba ndiye aliyeitikia kwa niaba yao. Mimi nitakuitikia mwenyewe.

Wako akupendaye tangu hujajua kutembea,

Dada.