Mbona Pingu?

Bulyaga, Tukuyu
12 Aprili 1996

Mke wangu Mama Jenifer,

Mvua haijakatika wiki ya tatu sasa, na ule mgomba wako wa uani umeanguka. Pudensiana, muuguzi mwenzako, anakusalimu. Analalamika kwamba hujibu barua zake.

Siku hizi kwenye banda la video mimi ndiye ninayetafsiri kwa sauti, maana wazee hawajui Kiingereza. Jumamosi walileta ile hadithi ya mpelelezi tuliyosomeana kitabu chake. Unakumbuka, anagundua mwizi ni mkewe, anachoma ushahidi, wanarudi nyumbani. Kwenye filamu wamebadilisha, anamfunga pingu. Nilichoka nao. Nikatafsiri kama kitabu kinavyosema: amemsamehe, wanakwenda kwao.

Mzee Ambindwile akauliza taratibu, "Mwalimu, kama amemsamehe, mbona pingu?"

Watu wakacheka.

Mama Jenifer, zile dawa za zahanati ulizochukua hadi ukafukuzwa kazi, si Pudensiana aliyekwenda kukusema kwa mganga mkuu. Ni mimi.

Mumeo,
Rodrick