Kirudishe Kisanduku Mteremkoni

Kaka Elia,

Shikamoo. Mama anaendeleaje na mguu? Mimi mzima, baridi ya huku Ujerumani naizoea, ila nina hasira na wewe wala sitaificha. Naandika kwa karatasi na kukutumia picha yake kwa simu, kwa sababu maongezi hukatika kabla sijamaliza kukugombeza.

Nilikuomba kisanduku kikae mteremkoni juu ya nyumba ya Mama, pale ardhi ilipopasuka masika iliyopita, kipime maji ya udongo na kutuma vipimo huku. Ninalinganisha njia mbili za kutuma. Ya kwanza, mtandao ukikatika, kipimo kimepotea. Ya pili hutunza vipimo mpaka mtandao urudi. Kwa mtandao wetu wa Mlalo, nilijua, na kazini nikasema, ya kwanza itashindwa.

Haikupoteza hata kipimo kimoja. Bosi wangu, ambaye hata Soni, hapo njiani kuja kwetu, hajafika, akacheka mbele ya wenzangu: "Kumbe kwenu mtandao upo." Nikaonekana mwongo. Sasa anataka visanduku vyote vya milimani vitumie njia hiyo.

Juzi mkeo ananiambia, tena kwa kujivunia: "Wifi, kaka yako alikihurumia kisanduku. Taa nyekundu ya kukosa mtandao ilikuwa haizimi, akakipandisha kule kwenye jiwe tunakopigia simu."

Kaka, jamani. Kwenye jiwe kinapima nini? Najua hukutaka niaibike. Ndivyo tulivyolelewa, mgeni akija tunafagia mpaka njiani. Mimi nilitaka waione shida yetu, wewe ukaifagia. Nami nina kosa, nilikwambia tu uhakikishe kinafanya kazi.

Kinachoniuma zaidi ni hiki. Namba zilikuja kavu, nami nikamshukuru Mungu kwamba mteremko umekauka. Mwezi mzima Mama amechochea kuni chini ya ule udongo, na hakuna aliyejua umeshiba maji kiasi gani.

Nimemweleza bosi ukweli mbele ya walewale waliocheka. Amenipa wiki mbili nipime upya. Kirudishe leo, ukichimbie palepale, usikiguse tena. Na Mama ahamie kwako mpaka nikwambie.

Msalimie wifi, mdomo wake umetuokoa. Msalimie na mjomba wa Bumbuli, mwambie dawa zake nitazituma.

Mama akiuliza mbona taa inawaka nyekundu, mwambie iachwe iwake, binti yake yuko kazini.

Mdogo wako, mwenye hasira na bado anakupenda,
Naemi